Madirisha ya Vikwembe

Asubuhi ile binti yangu Émilie aliniapisha, mkono juu ya rozari, kwamba ndani ya ukumbi sitafungua kinywa.

"Mama, leo unakaa kama picha ya ku ukuta," alisema. "Hata 'eh' usiseme. Nakujua."

Ananijua kweli. Mimi Kyakimwa, muuza vikwembe, vitenge vya rangi zote, wa soko kuu la Kisangani, hasira zangu ziko puani, na furaha zangu ziko papo hapo, zinasukumana. Mteja akishika kitambaa changu kwa mkono wenye mafuta ya makayabu, samaki wa chumvi, mji mzima unapata habari. Lakini niliapa, tena niliapa kwa moyo, maana siku ile haikuwa ya mchezo. Émilie alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho ya masomo ya kompyuta, na chuo chao kilikuwa kinafunga programu ya zamani. Session ile, kikao cha kutetea, ndiyo ya mwisho. Asiyetetea siku hiyo anarudishwa mwaka wa kwanza wa programu mpya, akakae benchi moja na watoto waliotoka sekondari juzi, kana kwamba miaka yake yote ya kusoma haikuwahi kuwepo. Aka!

Kazi yenyewe ilihusu historia ya mifumo ya kompyuta yenye picha. Nilimuuliza picha gani. Akaniambia zamani kompyuta haikuwa na picha, ilikuwa maneno tu kwenye giza.

"Kama redio?" nikauliza.

"Mama, nenda ukavae."

Nikaenda kuvaa. Familia yote tulishona kikwembe kimoja, kijani chenye ndege wa manjano, nilichokichagua mwenyewe, na asiyekipenda shauri yake. Kwetu mtoto akitetea vizuri hatoki chumbani hivi hivi. Anamwagiwa poda kichwani mpaka awe kama mtu aliyeanguka ndani ya gunia la unga, na hakanyagi udongo: wamama tunatandika vikwembe, yeye anapita juu, fanfare inapiga. Kwa hiyo nilikuwa na furushi la vikwembe vipya chini ya kiti changu. Uani walikuwa wanangoja mashangazi na makopo ya poda, pamoja na fanfare ya Papa Élie, tarumbeta, trombone na ngoma kubwa. Papa Élie aliuliza watajuaje kama Émilie amefaulu, maana huko nje hawasikii kitu.

"Mukisikia vigelegele yangu, muingie mbio," nilimwambia.

Vigelegele vyangu havihitaji mtu kutega sikio.

Ndani tuliingia wawili tu, mimi na Yaya Madina. Huyu ni jirani yangu wa sokoni, namwita Yaya kama dada mkubwa, meza yake inagusana na yangu. Familia yake ni ya wale Waislamu wa Kisangani wa tangu enzi za babu wa babu, na Kiswahili chake kimenyooka hivi kwamba akinigombeza najiona niko darasani. Jury walikuwa watatu. Katikati alikaa rais wao, Profesa Lukumani, suti nyeusi, miwani, mdomo kama mkoba uliofungwa. Kulia Madame Micheline, aliyemwongoza Émilie katika kazi yake. Kushoto bwana mmoja mchanga anaitwa Jephté, aliyepewa kuisoma na kuitafutia makosa.

Émilie akasimama, akatoa salamu, akabonyeza mashine yake. Ukutani ikatokea picha kubwa ya rangi. Ilikuwa nzuri! Na papo hapo, tii, umeme ukaenda.

Tukangoja. Mashine ya Émilie nayo ilikuwa na betri kuukuu, ikazima. Jenereta ya chuo, wakatuambia, iko kwa fundi. Profesa Lukumani akatazama saa, akatazama ukuta mtupu, akavua miwani.

"Mademoiselle, mada yako ni picha ya ku ekrani, ku kioo ya kompyuta. Bila ekrani, tutahukumu nini? Tunasogeza mbele."

"Mbele wapi, Président?" Émilie aliuliza. "Hakuna session ingine."

"Hiyo si kazi ya jury."

Nilifungua kinywa. Yaya Madina akanikanyaga mguu kwa kisigino, nikakifunga. Ndani yangu nilikuwa nachemka kama sufuria ya pondu. Huyo bwana atamrudisha mtoto wangu mwaka wa kwanza kwa sababu ya taa?

Lakini Émilie hakulia. Nilimwona akitazama ukuta, kisha meza ndefu ya jury, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakashuka mpaka chini ya kiti changu.

"Président," akasema, "kanuni inanipatia dakika zangu. Naomba nizitumie na mikono. Mama, nipatie ile furushi."

Profesa akainua mabega, kama mtu anayesema jaribu, utachoka mwenyewe. Mimi nikatoa furushi bila neno. Mnaona? Niliheshimu kiapo.

Kwanza Émilie akamkalisha Yaya Madina nyuma ya meza ndogo na furushi, akamwambia alifunike na shali yake. "Wewe ni kompyuta ya zamani," akamwambia. "Usimuonyeshe mutu bidhaa. Kama hakusema neno lenyewe kamili, unamujibu tu: sijaelewa." Halafu akamgeukia Jephté. "Monsieur, tafadhali, ununue kikwembe."

Jephté akacheka kidogo, akakohoa. "Bon. Nataka kikwembe."

"Sijaelewa," akasema Yaya Madina, uso mkavu.

"Naomba kikwembe, mama."

"Sijaelewa."

"Kikwembe ya bleu!"

"Sijaelewa."

Ee, jinsi alivyofurahia! Sokoni miaka yote analazimika kuwabembeleza wateja, leo amepewa ruhusa ya kuwakatalia, tena mtu wa chuo. Jephté alijaribu rangi zote, akajaribu Kifaransa, akajaribu Lingala. Sijaelewa. Sijaelewa. Madame Micheline alikuwa ameficha uso nyuma ya karatasi, mabega yanatikisika.

"Hivyo njo batu walikuwa wanasumbuka," Émilie akasema. "Bidhaa iko, lakini hauioni. Ni wewe unapashwa kujua jina yake, mpaka ku nukta. Ukikosea herufi moja, giza."

Akaenda ubaoni, akachukua kile kifutio cha mbao, akakifunga kamba ya furushi, akakisukuma juu ya meza, kamba inafuata nyuma.

"Mwaka 1968, kule California, mutafiti mumoja alionyesha batu ndani ya ukumbi kubwa kitu kama hii. Kisanduku ya mbao, magurudumu mbili chini, na waya kama mukia. Ukiisukuma ku meza, alama inatembea ku ekrani. Hauna tena lazima ya kusema jina. Unaonyesha na kidole: nataka ile. Wakaiita panya."

Panya! Karibu na vikwembe vyangu! Nikauma ulimi.

Basi akaendelea, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilikuwa inapanda. Alisema katika miaka ya sabini watafiti wa kampuni moja ya mashine za kufotokopi walijiuliza: mtu wa ofisini anajua nini tayari? Anajua meza. Anajua karatasi, anajua farde ya kuzihifadhia, anajua kikapu cha barua. Basi tumwekee meza ndani ya kioo. Mwaka 1981 wakaiuza mashine ya hivyo, ghali kupita akili, wachache wakainunua. Mwaka 1984 ikatoka nyingine, ndogo, ya kampuni nyingine, watu wakaibeba nyumbani, na mezani pake palikuwa na pipa la takataka: kitu hukitaki, unakiburuta, unakitupa. Hapo Émilie akainama, akachukua pipa lenyewe la jury lililokuwa chini, na maganda ya ndizi ndani, akaliweka mbele ya Profesa Lukumani, pa! Profesa akarudi nyuma na kiti.

"Mwaka 1985 ikakuya Windows ya kwanza, kila kazi na dirisha yake ku ekrani. Lakini ile ya kwanza, madirisha yake kubwa haikuweza kulaliana. Ilipangwa tu ubavu kwa ubavu."

Akaanza kutandika vikwembe juu ya meza ya jury. Cha kwanza mbele ya Madame Micheline. Cha pili pembeni yake. Cha tatu. Kila akiongeza kimoja, anakunja vile vingine viwe vidogo ili vienee, mpaka kila kikwembe kimebaki kipande cha kutosha leso, ndege hana kichwa, ua halina shina. Cha mwisho kikamfikia Profesa kifuani.

"Nafasi imeisha," Émilie akasema. "Unaona yote na hauone kitu. Alors, mwaka 1987, wakafanya hivi."

Akavikusanya kwa mara moja, akavilaza kimoja juu ya kingine, si sawasawa, bali kila kimoja kimetoa ukingo wake nje kidogo, bluu, nyekundu, zafarani, kijani. Akasema hii wengine walikuwa wameshaijua tangu kule kwa watu wa fotokopi, lakini sasa ilikuwa inafika kila mahali. "Yenye kufunikwa haijapotea. Inangojea." Akashika ukingo wa kile cha chini kabisa, kwa vidole viwili, akakichomoa, fwaa! Kikaruka hewani, kikatua juu ya vyote, kimefunguka, ukingo mmoja kifuani kwa Profesa, na vingine havikuvurugika hata kimoja.

Watu, ile ni meza yangu! Ule ni mkono wangu! Ndivyo ninavyopanga vikwembe vyangu sokoni tangu Émilie yuko mgongoni: kingo nje, mteja anaonyesha, nachomoa fwaa, rundo linabaki limetulia. Hakuna anayeweza sokoni pale, Yaya Madina mwenyewe amejaribu, rundo likaanguka. Mtoto huyu sikumfundisha. Aliona tu, na akalibeba jambo hilo mpaka mbele ya maprofesa, akaliweka pamoja na California. Kitu kikanipanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, sikuweza, nawaambia sikuweza, Mungu ni shahidi yangu.

Nikapiga vigelegele.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Papa Élie mbele, mashavu yamejaa, tarumbeta juu. Nyuma yake trombone, nyuma ya trombone mashangazi, nyuma ya mashangazi ngoma kubwa imekwama mlangoni, inapigwa hapo hapo ilipokwama. Shangazi Katungu, ambaye haoni vizuri na hapendi kuambiwa, alimwona mtu amekaa katikati na kikwembe kifuani, akaamua ndiye mshindi. Akamwagia kopo zima kichwani. Wengine wakaona Shangazi anamwagia pale, wakamwagia pale pale. Madame Micheline akapata lake, Jephté akapata lake akiwa amefungua mdomo. Mimi nilikuwa napunga mikono, "Bado! Bado!" lakini nani atasikia bado mbele ya trombone?

Mpaka Profesa Lukumani aliposimama. Alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi mifuko ya koti. Kwenye miwani hakuna macho, ni poda tu. Muziki ukakatika chombo kimoja baada ya kingine, ngoma ya mwisho.

"Jury. Haijaamua. Bado," akasema. Kila neno lilitoka na moshi. "Hii ni kusukuma jury. Kanuni iko wazi. Nafunga séance, kikao imeisha."

Kwa kinywa changu! Nilitamani sakafu inimeze na furushi langu.

"Président, kosa ni yangu," nikasema. "Mutoto hakujua kitu. Munipige miye faini, munifukuze, lakini yeye..."

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki," Profesa akanikata.

Shangazi Katungu alianza kulia polepole. Na Émilie, alikuwa amesimama wima mezani pake, kifutio mkononi, na nikaona mdomo wake unatetemeka. Nilidhani ni kilio. Kumbe alikuwa anazuia kicheko.

"Ni kweli, Président," akasema. "Na dakika zangu haziishe bado. Nilibakia na jambo moja, ya mwisho, na hiyo methali njo ilikuwa mwanzo wake. Ku kompyuta ya giza, ukiagiza kufuta, imefutwa. Batu waliogopa kuigusa. Wenye kutengeneza meza ya picha walijua mutu hatajifunza kama kila kosa inamuua. Kwa hiyo wakaitilia kumbukumbu ya jambo ya mwisho uliyofanya. Mwaka 1983 mashine moja iliweka hilo neno ku menyu, waziwazi, ili kila mutu alione. Kwa Kifaransa: annuler, ni kusema tangua ile ya mwisho."

Akakiweka kifutio mezani. Akakisukuma taratibu, kamba nyuma yake, mpaka mbele ya pipa la maganda ya ndizi. Akakigonga kwa kidole: ta.

"Familia," akasema bila kugeuka. "Annuler."

Hakuna aliyesogea. Walitazamana. Mimi ndimi niliyemwelewa, maana yule ni mtoto wangu. Nikainua mikono kama nilivyokuwa nimeiinua, nikavivuta vigelegele ndani badala ya kuvitoa, hiiiiii, kama mtu aliyepaliwa na pilipili, kisha nikaenda kinyumenyume mpaka kitini, nikakaa, nikafunga kinywa.

Papa Élie akanitazama. Akatazama tarumbeta. Nuru ikamwingia usoni. Akaanza kupiga wimbo ule ule kutoka mwisho, sijui aliwezaje, ulikuwa wimbo wa ajabu, kama ndege anayekula maneno yake, na akaanza kurudi nyuma, hatua fupi fupi. Trombone akarudi nyuma. Mashangazi wakarudi nyuma na makopo yametazama juu, wakimwomba Profesa pardon kila hatua. Shangazi Katungu akarudi mpaka ndani ya ngoma. Ngoma ikachomoka mlangoni, po! wote wakamiminikia uani, na mlango ukafungwa wenyewe. Yaya Madina peke yake ndiye aliyebaki mbele ya Profesa, anampangusa bega kwa kona ya kikwembe na kujaribu kurudisha poda ndani ya kopo, kwa adabu zote.

Madame Micheline alipasuka kwanza. Alicheka mpaka akashika meza. Jephté akafuata, anakohoa poda na kucheka. Profesa Lukumani alikaa. Alivua miwani, na pale miwani ilipokuwa, macho yake yakabaki na duara mbili nyeusi katika ule uso mweupe. Hakucheka. Akamgeukia Émilie.

"Na poda?" akauliza. "Haikurudi."

"Hapana, Président. Annuler inarudisha tu ile mashine ilikumbuka. Ku ekrani, maji inazoleka. Hapa kwetu, hapana."

Profesa akaandika kitu. Sikuweza kuona nini. Kisha akatutoa nje wote ili waamue.

Uani Papa Élie alisafisha tarumbeta iliyokuwa safi. Mimi nilimshika Émilie mkono na yeye akauacha ndani ya wangu, hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilisali Salamu Maria, nikachanganya maneno, nikaanza upya. Nikawaza: kama nimemrudisha mwaka wa kwanza kwa kelele zangu, nitamtazamaje asubuhi?

Mlango ukafunguliwa. Alitoka Profesa Lukumani mwenyewe, na poda yake yote. Akasoma karatasi kwa lugha yao ndefu, na mimi sikusikia kitu mpaka neno moja: distinction. Alifaulu. Alifaulu vizuri! Kisha akakunja karatasi, akageuza kichwa upande wa fanfare.

"Papa Élie," akasema. "Rétablir! Ile mulitangua, muirudishe!"

Mama wee! Wimbo ukaanza, sasa kutoka mwanzo, ngoma inapasua masikio, vikwembe vinatandikwa chini, mashangazi wanalia na kucheza, na vigelegele vyangu nikavitoa vyote, hata vile nilivyovimeza. Nikanyakua kopo, nikaliinua juu ya kichwa cha binti yangu, nikaligeuza.

Tupu. Nikachukua la pili. Tupu. Lile la Shangazi Katungu, tupu. Yote yaliishia juu ya jury. Émilie alikuwa amesimama juu ya kikwembe, ameinamisha kichwa, anangoja, nywele zake nyeusi tii, na mimi sina cha kumpa. Siku kama ile, mtoto wa Kisangani, bila poda! Mikono yangu ilibaki hewani na kopo lisilo na kitu.

Profesa Lukumani aliona. Alipita katikati ya mashangazi, akajipangusa bega moja kwa kiganja, kisha la pili, kisha akapitisha vidole ndani ya nywele zake, akakusanya mpaka kiganja kikajaa. Akakiweka juu ya kichwa cha Émilie, akakisambaza taratibu, mpaka kwenye paji la uso.

"Hii ilikuwa yake," akaniambia. "Niliishika tu."